Soya ndefu si soya imara: dhana potofu kuhusu kubananisha mimea

"Soya imerefuka, basi imestawi."

Dhana hii huwaponza wengi, hasa soya inapochanganywa na mahindi. Jani la kijani hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha ule wa ukingoni mwa wekundu, ambao macho yetu karibu hayauoni. Ndani ya soya mna protini iitwayo fitokromu, na kazi yake ni kupima uwiano wa mianga hiyo miwili. Ule wa ukingoni ukizidi, mmea hutambua kwamba una majirani, hata kama bado hawajaufunika. Hapo huanza mbio za kwenda juu. Pingili hurefuka, shina hukonda, na lignini, ambayo ndiyo hukaza kuta za seli, hupungua. Kwa hiyo urefu unaoufurahia huenda ukawa ni mmea unaokimbia kivuli. Ukitaka kuhakikisha, usitazame kilele. Inama, ulinganishe pingili za chini za mmea uliosongwa na za ule wenye nafasi: zilizosongwa huwa ndefu na nyembamba.

Na huko kukonda si jambo dogo. Nguvu ya shina la mviringo linapopindwa hufuata kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Shina la milimita 8 likiwa la milimita 6, limepoteza robo tu ya upana wake, lakini nguvu iliyobaki ni kama asilimia 42. Hesabu hiyo inachukulia kwamba shina limejaa na kuta zake hazijabadilika ubora. Lignini ikipungua, hali huwa mbaya zaidi.

"Zikibanana zitaegemeana."

Zitaegemeana kweli, mpaka siku ya mvua yenye upepo. Mimea dhaifu inayoegemeana huanguka na kulala chini pamoja, na maganda ya chini hubaki kwenye unyevu yakioza.

"Nimepanda 200,000 tu kwa hekta, sijabananisha."

Hapa hata watu makini huteleza. Katika kilimo mseto hesabu ya hekta hudanganya, kwa sababu soya haikukaa kwenye hekta nzima. Ikiwa soya imechukua nusu ya eneo na mahindi nusu nyingine, mimea hiyo 200,000 imejazana kwenye mita za mraba 5,000. Ndani ya ukanda wa soya kuna mimea 40 kwa kila mita ya mraba, sawasawa na shamba la soya tupu lenye mimea 400,000 kwa hekta. Shina halijui wastani wa shamba. Linamjua jirani aliye ubavuni. Mimi naona kipimo cha kuaminika ni umbali kati ya mche na mche ndani ya mstari, na umbali kati ya mistari ya soya yenyewe.

"Kivuli ni cha mahindi, idadi ya soya haina neno."

Vivuli ni viwili. Mahindi huziba mwanga kutoka juu, soya wenzake huziba kutoka ubavuni, na kimoja huongezea kingine makali. Ndiyo maana msongamano ambao soya tupu huuvumilia vizuri unaweza kulaza soya ileile ikiwa chini ya mahindi.

"Basi tuipande mbali mbali kabisa."

Nayo si dawa. Soya yenye nafasi hutoa matawi na kufidia sehemu ya mavuno, lakini ardhi iliyo wazi ni karamu ya magugu, na tawi lililojaa maganda huweza kukwanyuka. Mbolea ya naitrojeni pia haichukui nafasi ya upangaji mzuri: soya yenye vinundu hai mizizini, yaani vivimbe vidogo vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hujipatia sehemu kubwa ya naitrojeni yake, na ukiizidishia, majani huwa mengi, kivuli huongezeka na mmea hulala upesi.

"Mahindi yakivunwa, shina litajirekebisha."

Kwa kiasi tu. Mwanga ukirudi, shina huweza kuendelea kunenepa, lakini pingili iliyokwisha kurefuka haifupiki tena. Kwa hiyo kama miche imezidi, ipunguze mapema, ingali na majani machache, kabla pingili za chini hazijavutwa juu.