Umeibiwa au umefungwa? Dhana potofu kuhusu udanganyifu katika michezo ya video ya mtandaoni

Karibu kila anayecheza soka la video mtandaoni, awe na eFootball kwenye simu au EA Sports FC kwenye PlayStation, amewahi kulalamika kwamba ameibiwa. Lawama huelekezwa uwanjani: beki aliyeganda, pasi iliyokwenda kusikokusudiwa, bao la dakika ya 90. Hata hivyo, kesi maarufu za udanganyifu zilizothibitishwa katika michezo ya aina hii, kuanzia soka hadi baiskeli na mbio za magari, zilitokea mahali ambapo kamera ya mchezo haifiki, na ndiyo maana dhana nyingi zinazoenezwa humtafuta mwizi asipokuwepo.

“Mchezo umepangwa kumbeba anayefungwa.”

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, na haikuzuka hivi hivi. EA, kampuni iliyotengeneza mfululizo wa FIFA hadi FIFA 23 na kuuendeleza kwa jina la EA Sports FC tangu mwaka 2023, inamiliki nchini Marekani hataza, yaani hati ya umiliki wa uvumbuzi, inayoeleza namna ya kubadili ugumu wa mchezo kulingana na mwenendo wa mchezaji, ili asikate tamaa akaacha kucheza. Mnamo Novemba 2020 wachezaji watatu waliifungulia kesi huko California, wakidai kwamba mbinu hiyo inatumika kwa siri katika Ultimate Team, sehemu ambamo mtu hujenga kikosi chake kwa kadi. Mwaka uliofuata waliiondoa kesi hiyo wenyewe. Kwa maelezo ya EA, walipewa taarifa za kiufundi na nafasi ya kuzungumza na wahandisi, na vyote vikathibitisha kwamba mbinu hiyo haimo. Kumiliki hataza si ushahidi wa kuitumia.

Mbona basi hisia ya kuibiwa haiishi? Sababu mojawapo ni kwamba bahati imewekwa ndani ya mchezo kwa makusudi: pasi na mashuti huwa na uwezekano wa kukosea unaotegemea uwezo wa mchezaji, mguu anaotumia, uchovu wake na jinsi anavyobanwa na beki. Soka lenyewe lina mabao machache, hivyo aliyepiga mashuti 15 anaweza kufungwa na aliyepiga mawili, jambo ambalo mashabiki wa Simba na Yanga hawahitaji kufundishwa. Tena, mtu hukumbuka kwa miezi bao alilosawazishiwa dakika ya mwisho, na kusahau usiku uleule mechi aliyoshinda 2–0 bila jasho.

Binafsi naona lawama yenye uzito zaidi iko kwingine, nayo haina siri yoyote. Kadi za Ultimate Team hupatikana pia kwa kununua pakiti kwa fedha halisi bila kujua kilichomo. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hiyo zinavunja sheria za kamari za nchi hiyo, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti. Anayekutana na kikosi kilichojengwa kwa fedha hajaibiwa kwa mujibu wa kanuni, lakini yeye na mpinzani wake hawajaanza mechi wakiwa sawa.

“Mpinzani anayerukaruka kwenye skrini anakata mtandao makusudi.”

Wapo wanaofanya hivyo, na vipo hata vifaa vya kazi hiyo. Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki, lakini, maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, mji wenye vituo vikubwa vya seva (kompyuta zinazoendesha mechi za mtandaoni), ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo amri ya kwenda na jibu la kurudi haviwezi kuchukua chini ya milisekunde 70 hata pasipo na hitilafu yoyote, na mchezo unaochora picha 60 kwa sekunde huwa umeshachora nne katika muda huo. Hali halisi ni mbaya kuliko hesabu hiyo, kwani nyaya za baharini haziendi kwa mstari ulionyooka, na Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania na Kenya ilizorota kwa siku kadhaa. Ongeza nyumba ambamo watu watano wanatumia bando moja, na picha itaruka bila hila ya mtu. Tena, mara nyingi kila upande humwona mwenzake ndiye anayeruka, kwa hiyo mwenye mtandao mbovu anaweza kuwa mlalamikaji mwenyewe.

“Kukaa na mpira nyuma na kurudia mbinu ileile ni udanganyifu.”

Inachosha, lakini kanuni zinaruhusu. Mpaka unavukwa mtu anapotumia kasoro ya programu kubatilisha matokeo, kama ilivyokuwa katika FIFA 22, ambapo baadhi waligundua njia ya kutoka kwenye mechi bila kuhesabiwa kipigo; EA iliwafungia maelfu kwa muda.

“Wadanganyifu ni vijana wasiojulikana, wanaojificha nyuma ya majina ya bandia.”

Kesi zilizovuma zaidi zinapinga hilo. Mei 2020, mbio za kweli zikiwa zimesimama kwa sababu ya korona, Formula E, mashindano ya magari ya umeme, iliwaweka madereva wake kwenye mashindano ya mtandaoni ya kuichangia UNICEF. Daniel Abt, dereva wa Audi, alimaliza wa tatu katika raundi moja, lakini wenzake, akiwemo Stoffel Vandoorne, wakatilia shaka kama kweli yeye ndiye aliyeendesha. Ilibainika kwamba usukani ulishikwa na Lorenz Hörzing, kijana mtaalamu wa mbio za video. Abt aliondolewa kwenye matokeo, akatakiwa kutoa euro 10,000 kwa hisani, na Audi ikamsimamisha kazi. Hakuna msimbo uliochezewa wala seva iliyodukuliwa.

Kesi ya baiskeli inafundisha zaidi. Cameron Jeffers alishinda ubingwa wa kwanza wa Uingereza wa mbio za baiskeli mtandaoni mwaka 2019, kwenye Zwift, jukwaa ambalo baiskeli halisi ya ndani huunganishwa na mchezo, akikanyaga pedali yeye mwenyewe mbele ya kamera. Miezi kadhaa baadaye shirikisho la British Cycling lilimvua ubingwa, likamfungia miezi sita na kumtoza faini ya pauni 250. Kosa lake lilitangulia fainali: baiskeli ya mchezoni aliyoitumia, yenye kasi kuliko za kawaida, hupewa anayepanda milima ya jumla ya mita 50,000 ndani ya mchezo, naye alikuwa ameachia programu ipande badala yake. Zwift ina mlango mwingine wa udanganyifu usiohitaji hata programu, kwa kuwa kasi huhesabiwa kwa kulinganisha nguvu ya miguu na uzito wa mwendeshaji, na anayejipunguzia kilo chache anapojaza taarifa zake hupaa mlimani.

“Kununua sarafu za mchezo kwa mtu ni biashara ndogo isiyomdhuru yeyote.”

Mwaka 2016, huko Fort Worth, Texas, baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani mtu aliyeshirikiana na wenzake kutengeneza programu iliyoidanganya seva ya EA kwamba mechi za FIFA zinachezwa na kumalizika kwa kasi kubwa, ili seva itoe sarafu za zawadi, ambazo hutumika kununulia kadi. Walikuwa wamekwisha kuvuna mamilioni ya dola kwa kuziuza, na waliochunguza ni FBI. Mianya haikuwa ya nje tu, kwani Machi 2021 EA ililazimika kuchunguza tuhuma kwamba mfanyakazi wake aliuza kadi adimu kwa mlango wa nyuma, ikasimamisha utaratibu uliowezesha kuzigawa kwa hiari. Kila sarafu ya aina hiyo inapoingia sokoni hupandisha bei ya kadi, na anayeumia ni yule anayekusanya sarafu zake mechi kwa mechi.

“Programu ya ulinzi imemaliza tatizo.”

Tangu FIFA 23, EA hutumia kwenye kompyuta programu ya ulinzi inayofanya kazi katika kiini cha mfumo endeshi, na imewabana wengi waliokuwa wakibadili kumbukumbu ya mchezo. Haiwezi kujua nani ameshika pedi, wala kama mtu amenunua sarafu kwa muuzaji wa nje. Kwenye mashine za kuchezea, mwanya mwingine ni vifaa vya kuchomeka kati ya pedi na mashine, vinavyobonyeza vitufe kwa mpangilio ambao kidole hakiuwezi. Mwaka 2023 sasisho la PlayStation 5 lilikifanya kimojawapo, Cronus Zen, kisitambulike. Watengenezaji wake wakaanza mara moja kutafuta njia ya kukizunguka kizuizi hicho.