"Tumeandikishana kwa mwenyekiti": yale ninayoyasikia kila msimu wa korosho

Mama mmoja alikuja ofisini wiki iliyopita, akakaa, akafungua pindo la khanga na kutoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Muhuri wa zambarau, sahihi mbili, dole gumba moja. Kiwanja kiko Mangamba, hapa Mtwara, "hatua ishirini kwa kumi na tano", mpaka wa mashariki "mkorosho mkubwa", wa magharibi "njia ya miguu". Mkorosho umeshakatwa, na njia ya miguu imehamishwa na maji ya mvua. Sasa dada zake muuzaji wameshuka kutoka Newala wanasema shamba lile ni la mama yao, kaka yao hakuwa na chake cha kuuza. Mama yule akanitazama, akasema lile neno: "Lakini mwanangu, tumeandikishana kwa mwenyekiti."

Nimelisikia neno hili mpaka linanikosesha usingizi. Sisi tunaopokea mashauri ya ardhi Mtwara tunajua lini litaanza. Fedha za mnada wa korosho zikishaingia kwenye akaunti za wakulima, watu wanateremka kutoka Tandahimba, Newala na Nanyamba kutafuta kiwanja mjini. Ni akiba ya misimu mitatu au minne. Mpango wenyewe ni mzuri: nyumba ya vyumba vinne, viwili vipangishwe, mtoto apate pa kufikia akisoma sekondari ya mjini. Familia nzima inataka kupanda ngazi moja ya maisha, na ngazi hiyo imeegemezwa kwenye karatasi ya daftari.

Karatasi ile ni ushahidi kwamba wewe na fulani mlikubaliana na fedha zikatoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ina kazi yake, kwa sababu sheria inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi. Ila haisemi kama fulani alikuwa na haki ya kuuza. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Tulichonacho sisi ni haki ya kuikalia na kuitumia. Kwa hiyo hununui udongo, unanunua haki ya muuzaji. Haki yake ikiwa nusu, umenunua nusu. Ikiwa hana, umenunua hewa, hata mihuri ingekuwa kumi.

Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi. Hana mamlaka ya kumilikisha mtu ardhi, na hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi kinachompa asilimia kumi ya bei. Huko vijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, anayegawa ni halmashauri ya kijiji, tena baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mwenyekiti peke yake na mhuri wake chini ya mwembe hagawi kitu.

Kwetu kusini kuna jambo la ziada, na linanishangaza kwamba wenyeji wenyewe wanalisahau wakishaona bei nzuri. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao ukoo wao unafuata kwa mama. Mwanamume anaweza kupalilia mikorosho miaka thelathini na shamba likabaki la ukoo wa mkewe. Mwingine shamba ni la mama yake, na mwenye kauli ni mjomba pamoja na dada zake. Mwingine tena mikorosho yenyewe iko rehani kwa aliyemkopesha fedha za salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Watu hao wote hawapo siku ya kuandikishana. Wanatokea ukishapandisha tofali hadi lenta.

Na mke, au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Dalali akikwambia "mama yuko safarini, ameshakubali kwa simu", rudi nyumbani na fedha zako.

Ushauri wangu ni uleule ninaowapa wote, na wanaoufuata ni wachache kwa sababu unachukua siku mbili. Nenda kiwanjani asubuhi bila dalali. Zungukia majirani wa pande zote nne, mmoja mmoja, uwaulize swali moja tu: hapa pa nani? Usiulize kama panauzwa. Ukipata majibu mawili tofauti, acha. Kisha kaa na familia ya muuzaji, mjomba na dada zake wawepo, mke awepo, na wote watie sahihi kama wenye kuridhia. Halafu pita idara ya ardhi ya manispaa, waombe wakuonyeshe mchoro wa mipangomiji wa eneo hilo. Nimeona watu wamejenga kwenye eneo la shule, nimeona msingi ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Wanaotamani upande wa bahari, Shangani au Mikindani, wakumbuke pia mita 60 za ufukweni zisizoruhusiwa kujengwa. Kiwanja kikiwa na hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani uangalie hati iko kwa jina la nani, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Siku mbili tu. Akiba ya misimu minne haistahili siku mbili?

Enzi za bomba la gesi, kati ya 2013 na 2015, kila mtu alikimbilia kununua, na kiwanja kimoja kiliuzwa kwa watu wawili au watatu. Baadhi ya mashauri yale bado tunayo mezani.

Mengine ninayoyasikia ofisini nitayapitia haraka.

"Wakipima watatunyang'anya." Kinyume chake. Ardhi iliyopimwa ina namba, ina ramani, na mpaka wake ni jiwe la upimaji, hautegemei mkorosho wa jirani. Hati inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na benki inaipokea kama dhamana ya mkopo. Kuna kodi ya ardhi ya kila mwaka, ndiyo. Ilipe, na risiti uitunze.

"Nimekaa miaka 12, ni pangu." Miaka 12 ni ukomo wa mtu kudai ardhi mahakamani. Haimgeuzi mwalikwa kuwa mwenyewe. Ukiwa umekaribishwa na shemeji ulinde shamba, hata ukilinda miaka arobaini wewe ni mlinzi.

"Fidia ni ya wenye hati." Hapana. Anayemiliki kimila analipwa pia, kama wananchi wa Likong'o kule Lindi walivyolipwa kupisha mradi wa gesi asilia. Tena fidia si thamani ya nyumba na mikorosho peke yake. Kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, kuna usafiri wa tani 12 za mizigo kwa kilomita 20. Mthamini akija, uwepo mwenyewe, hesabu miti yako pamoja naye, na usisaini fomu ambayo hukuisoma.

"Mwenye nyumba anaweza kunitoa leo, nyumba si yake?" Mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi ana haki ya notisi isiyopungua mwezi. Kung'oa mlango au kuezua bati si notisi. Shida ni kwamba wapangaji wengi wa Chikongola na Magomeni hutoa kodi ya miezi sita mkononi bila hata kipande cha karatasi. Hapo ndipo ningependa sana watu waandikishane.

Yule mama wa Mangamba shauri lake linaanzia baraza la kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Ikishindikana, twende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dada zake muuzaji nimeongea nao, si watu wabaya, wanataka shamba la mama yao. Muuzaji fedha ameshanunulia pikipiki. Nimemwomba mama anitafutie jirani aliyekuwepo siku ile, mwenye kuujua ule mkorosho ulisimama wapi.