Korona ndogo, mto uleule

"Haya ni majimaji ya majani tu, bwana shamba, hayana kemikali." Muheza nimeambiwa, Korogwe nimeambiwa, Pangani nimeambiwa. Kila anayetaka kununua korona ndogo, yaani mashine ya kuchakata mkonge, ya kuweka shambani hunijibu hivyo nikimuuliza majitaka yatakwenda wapi, na kidole chake tayari kimeelekea bondeni, mtoni.

Nani kasema kemikali lazima itoke dukani? Jani la mkonge lina tindikali, lina sukari, lina saponini, hiyo inayotoa povu mferejini. Wakataji wanaijua kazi ya utomvu huo: ukiwaingia mikononi mchana, usiku wanajikuna. Samaki hana ngozi ya mkataji. Saponini inamharibu matamvua na anashindwa kupumua. Sukari, ambayo hakuna anayeitaja, inamaliza kilichobaki. Ikifika mtoni bakteria wanaishambulia, wanazaliana kwa kasi na kutumia oksijeni iliyomo kwenye maji. Samaki wanapanda juu wakihema, kisha wanaelea. Maji yanageuka meusi, yananuka, na watu wa kijiji cha chini wanadhani kuna mvuvi aliyetia sumu.

Singa, yaani nyuzi za mkonge, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Ukitaka tani moja ya singa kavu, chakata tani 25 za majani. Korona kubwa zinazosafisha kwa maji huacha takriban mita za ujazo 100 za majitaka kwa tani hiyo moja. Hapo mwenye mashine ndogo hunikatiza: "Yangu inachakata kavu." Kavu vipi, wakati zaidi ya robo tatu ya jani lenyewe ni maji? Mashine yako haiongezi maji, basi. Utomvu uko palepale, tena mkali zaidi kwa kuwa haukuzimuliwa na kitu.

Kwa hiyo usiniambie kwamba hizi ni "sheria za estate", za mashamba makubwa tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mita hizo hazipungui kwa sababu injini yako ni ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kabla hujatiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji. Kwa walio bonde la Pangani, ombi linakwenda Bodi ya Maji ya bonde hilo. Udogo wa mradi unaweza kukupunguzia urefu wa tathmini ya mazingira. Haukupi ruhusa ya kumwaga.

Ushauri wangu, na wanaonijua wameshauchoka: chimba mabwawa kabla ya kununua mashine. Yawe matatu, yafuatane kwa mteremko. La kwanza la kutuamisha makapi. La pili lenye kina, ambamo bakteria wasiohitaji oksijeni watakula sukari. La tatu pana, la kina kifupi, jua lilipige. Sakafu ishindiliwe udongo wa mfinyanzi, maana kisima cha jirani nacho kipo huko chini. Makapi yaache yaoze, kisha yarudishe shambani. Pale Hale walishazalisha umeme kwa biogesi ya makapi haya haya mnayoyasukumia mtoni kwa koleo.

Madai mengine ninayoambiwa nayapita haraka.

Kwamba majani yaliyokatwa yatasubiri mpaka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ipate dizeli: hapana. Yachakatwe ndani ya siku moja, zikizidi sana mbili. Yakinyauka, nyama ya jani inashikana na singa, singa zinatoka na madoa na daraja linashuka. Halafu tunamlaumu mnunuzi.

Kwamba tuachane na mkonge tulime bangi ya viwandani kama Wamarekani. Wao waliiruhusu kwa sheria ya 2018, kwa sharti kwamba THC, ile kemikali inayolevya, isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu, na shamba hupimwa kabla ya kuvuna. Hiyo ni sheria ya kwao. Hapa, kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, kulima bangi ni jinai. Kamweleze hakimu kwamba yako ni ya kusokotea kamba.

Na kwamba mlishaji mzoefu, yule anayeingiza majani kwenye mashine, hahitaji kinga. Huyo ndiye ninayemwogopea, kwa sababu mgeni bado ana woga. Kwenye mashine hizi jani linaingizwa kwa mkono hadi nusu, linavutwa, linageuzwa, linaingizwa tena. Singa zikijisokota kwenye kifundo cha mkono, ngoma ya mashine inayozunguka haisubiri mtu apige kelele. Sajili eneo lako la kazi OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Mdomo wa kulishia uwe mrefu kuliko mkono wa mlishaji, na swichi ya kuzimia iwe mahali anapoifikia mkono mmoja ukiwa umenaswa. Fundi akikwambia kizuizi kinapunguza kasi ya kazi, tafuta fundi mwingine.