Kabla Sadako hajatoka kisimani

Wanafunzi wangu wa historia ya sinema wakishatazama Ringu, ile filamu ya kutisha ya Kijapani ya Hideo Nakata ya mwaka 1998, swali la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, haya yalitokea kweli?" Ndani ya filamu, anayetazama kaseti fulani ya video hufa baada ya siku saba, akijiwa na mzuka wa Sadako, binti aliyetupwa kisimani; mama yake, Shizuko, aliaibishwa hadharani alipopimwa uwezo wake wa kuona vilivyofichwa. Zamani nilikuwa nasema hapana, tuendelee na somo. Siku hizi nasema kisima ni hadithi, kaseti ni hadithi, lakini yule mama anayeaibishwa mbele ya watu ana mwenzake katika historia.

Anaitwa Chizuko Mifune, mzaliwa wa Kumamoto, mwaka 1886. Shemeji yake alikuwa mtu wa hipnotizimu, yaani kumtia mtu katika hali kama ya usingizi kwa maneno, na baada ya kumjaribu Chizuko ikavuma kwamba binti anaona vilivyofichwa. Habari zikamfikia Tomokichi Fukurai, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Msimcheke haraka. Röntgen alikuwa amegundua eksirei mwaka 1895 tu, na watu wakaona kwa macho yao picha ya mifupa ya mtu aliye hai. Msomi wa zama hizo kujiuliza kama akili nayo ina miale yake halikuwa jambo la ajabu.

Septemba 1910 Chizuko akaletwa Tokyo mbele ya maprofesa. Mwanafizikia Kenjiro Yamakawa alitayarisha karatasi zenye maandishi, zikafungiwa ndani ya mabomba ya madini ya risasi. Chizuko akakaa akiwapa mgongo watazamaji, akasoma, na akapatia. Kasoro ni kwamba bomba alilolisoma halikuwa la Yamakawa. Lilikuwa lile alilopewa na Fukurai la kufanyia mazoezi. Magazeti yakapata cha kuandika. Januari 1911 Chizuko alikunywa sumu akafa, akiwa na miaka 24.

Kwenye filamu, Shizuko, mama yake Sadako, naye anapimwa ukumbini, mwandishi mmoja anasimama na kumwita tapeli, halafu mwandishi huyo anaanguka na kufa papo hapo. Kwa Chizuko hakuna mwandishi aliyeanguka.

Kaseti nayo ina asili yake, na hapa ndipo ninaponogewa. Fukurai alimpima pia Ikuko Nagao wa Marugame, aliyedaiwa kuchapa maumbo kwa nguvu za fikra kwenye vioo vya kupigia picha ambavyo havijafunguliwa. Fukurai akaliita jambo hilo nensha. Ikuko naye akafariki kwa maradhi mapema 1911, wiki chache tu baada ya Chizuko. Fukurai hakukoma; mwaka 1913 alitoa kitabu kuhusu majaribio yake, na mmoja wa wanawake waliomo anaitwa Sadako Takahashi. Kitabu hicho kilimgharimu kazi yake chuoni.

Sasa rudi kwenye riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991, iliyozaa filamu. Picha zilizo kwenye ile kanda hazikupigwa na kamera yoyote. Sadako alizichapa kwa akili yake. Ni nensha ile ile, imehamishwa kutoka kioo cha maabara hadi kwenye deki ya sebuleni.

Kisima ni cha kale zaidi. Wajapani wana hadithi ya Okiku, mjakazi aliyetupwa kisimani kwa sababu ya sahani moja iliyopotea, ambaye usiku husikika akihesabu sahani hadi tisa. Kwenye ngome ya Himeji utaonyeshwa kisima kinachoitwa chake. Nguo nyeupe ya Sadako, msomaji wa Kiswahili ataielewa bila kuelezwa: ni sanda. Nywele za kumwagika usoni pia ni za kale, kwa kuwa mwanamke wa enzi ya Edo (Japani ya 1603 hadi 1868) alizifunga alipokuwa hai; za kumwagika zilikuwa za maiti. Na volkano ya Mihara, anapojitupa Shizuko? Mlima huo upo kweli kisiwani Izu Oshima, na miaka ya 1930 watu wengi walikufa pale kwa namna hiyo.

Nikiionyesha filamu hii darasani, pale Sadako anapotoka kisimani mimi huwa nimetoka kunywa chai. Sehemu ya ukumbini naitazama hadi mwisho.