Pedali ya Ekspresheni Haipitishi Sauti

Jumamosi iliyopita kijana mmoja anayepiga gitaa katika kikundi cha sifa kanisani kwao aliingia katika karakana yangu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, akiwa amebeba mashine yake ya efekti, yaani ya kubadilisha sauti ya gitaa, pamoja na pedali nzito ya volyumu aliyokuwa ameuziwa siku mbili kabla. Alinieleza kwamba tundu la ekspresheni la mashine, yaani la pedali ya kuongozea efekti kwa mguu, limekufa, kwa sababu alikuwa amechomeka pedali hiyo kwa kebo ya kawaida ya gitaa na hakuna kilichobadilika alipoikanyaga. Huyo alikuwa wa nne tangu mwezi uanze. Wote wanne walikuwa wameambiwa dukani maneno yale yale, kwamba pedali ni pedali, na mashine zote nne zilikuwa nzima. Nimechoka kulipwa kwa kufungua mashine isiyo na ugonjwa, kwa hiyo naandika haya ili atakayefuata asome kabla ya kupanda ngazi.

Pedali ya volyumu hukaa katikati ya njia ya sauti. Ishara ya gitaa huingia upande mmoja, hupunguzwa kwa kadiri ya mguu, kisha hutoka upande wa pili kuelekea kwenye ampu. Pedali ya ekspresheni haina njia hiyo kabisa. Ndani yake mna potensiometa, yaani utepe wa kaboni wenye miisho miwili na mkono unaoteleza juu yake mguu unaposogea. Mashine ya efekti ndiyo inayotuma volti chache, kwa kawaida 3.3 au 5, hadi mwisho mmoja wa utepe. Mwisho wa pili umeshikana na ardhi ya mzunguko. Na mkono hurudisha kwenye mashine sehemu ya volti hizo kulingana na mahali uliposimama. Mashine huzigeuza volti zinazorudi kuwa namba, na namba hiyo ndiyo inayoamua urefu wa mwangwi, kina cha riva (mvumo kama wa ukumbini) au mahali pa kichujio cha wa-wa (kinacholifanya gitaa litamke kama mdomo). Sauti ya gitaa haikanyagi humo hata kidogo.

Kazi hiyo inahitaji njia tatu, ndiyo maana plagi yake ni ya stirio: ncha, pete na shina. Plagi ya mono haina pete, na shina lake refu hugusa mguso wa pete ndani ya tundu, hivyo volti zinazopita kwenye pete hupigwa shoti kwenda ardhini. Kwa kawaida mashine huwa na kizuizi kidogo ndani kinachoilinda, kwa hiyo haiungui, lakini namba inabaki ile ile ukanyage usikanyage. Huo ndio "ugonjwa" nilioletewa mara nne. Wapo watengenezaji wachache ambao pedali zao hutumia njia mbili tu na kebo ya mono, na hao wamechangia mkanganyiko huu kuliko wanavyodhani.

Baada ya kununua kebo sahihi, wengi hurudi wakiwa na hasira zaidi, na hapo siwalaumu. Kampuni hazikukubaliana ni mguso upi ubebe nini. Katika EV-5 ya Roland, mkono umeunganishwa na ncha, na volti za mashine huingia kwa pete. Katika FC7 ya Yamaha mpango ni kinyume: volti huingia kwa ncha, na mkono uko kwenye pete. Ukichanganya pedali ya mpango mmoja na mashine ya mpango mwingine, pedali haifi. Inakuwa kama swichi. Efekti inasimama kileleni karibu safari nzima ya mguu, kisha inaporomoka ghafla kisigino kinapofika chini. Sababu ni kwamba mashine sasa inasukuma volti kwenye mkono na kusoma mwisho wa utepe, ambako hakuna mkondo wa maana unaopita, basi inasoma karibu volti zote mpaka mkono unapokaribia ardhi. Nimewaona watu wakitupa potensiometa nzima na kulehemu nyingine kwa sababu ya dalili hii, kisha dalili ikabaki pale pale. Tazama kwanza menyu ya mashine, kwa kuwa nyingine hukuruhusu kugeuza mpango huo, halafu geuza pedali uangalie tumboni, maana baadhi, kama EX-P ya M-Audio, zina swichi ya kazi hiyo.

Kama hujui pedali yako ni ya mpango upi, usiniulize mimi wala usimwulize muuzaji; iulize mita. Weka mita kwenye ukinzani, chomeka kebo ya stirio kwenye pedali, kisha pima migusano ya plagi miwili miwili huku ukisogeza mguu. Jozi ambayo usomaji wake hautikisiki ndiyo miisho ya utepe, na mguso uliobaki nje ya jozi hiyo ndio mkono. Ni kazi ya dakika moja. Jambo jingine ni kwamba EV-5 ina kitufe cha ubavuni cha kupandisha kiwango cha chini, na nimeshaletewa zaidi ya moja ikidaiwa kwamba haifiki sifuri, kumbe kitufe kilikuwa kimezungushwa ikiwa ndani ya begi.

Sasa nije kwenye ukinzani, maana hapa ndipo ninaposikia upotoshaji mwingi zaidi, hata kutoka kwa mafundi wenzangu. Inasemwa kwamba pedali ya kiloomu 50 (kiloomu ni kipimo cha ukinzani, ohm elfu moja) haiwezi kufanya kazi mahali pa pedali ya kiloomu 10. Kwa mpango wa njia tatu, hilo si kweli kwa kiasi kikubwa. Mashine haisomi ukinzani, inasoma uwiano: mkono ukiwa katikati ya utepe ulio sawa, yaani ambao ukinzani wake hupanda kwa hatua zinazolingana, nusu ya volti hurudi, uwe wa 10 au wa 50. Tofauti huja pembeni. Ikiwa kizuizi cha ndani ya mashine ni kiloomu 1, utepe wa 10 utaishia karibu asilimia 91 ya volti, na wa 50 karibu asilimia 98, na pengo hilo huzibwa na kalibresheni, yaani kuionyesha mashine mwanzo na mwisho wa safari ya mguu. Lakini ukipanda hadi kiloomu 250, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha pedali ya volyumu ya gitaa lisilo na betri, mambo yanaharibika kwa sababu nyingine. Mkono ukiwa katikati, mashine huona chanzo chenye ukinzani wa kiloomu 62.5, ilhali vigeuzi vingi, yaani sehemu za mashine zinazogeuza volti kuwa namba, hupendelea kisichozidi 10 hivi. Namba huanza kutetemeka mguu ukiwa umetulia, na kebo ndefu huokota mvumo wa umeme wa taa za jukwaani. Katika pedali za njia mbili hoja yote hii hugeuka, kwa sababu huko ukinzani wenyewe ndio unaosomwa, na kipimo kisipolingana efekti haifiki mwisho.

Pamoja na hayo yote, ni lazima nikiri kwamba pedali ya volyumu inaweza kulazimishwa kufanya kazi ya ekspresheni, mradi iwe tupu isiyo na saketi ya betri. Unahitaji kebo yenye plagi moja ya stirio inayogawanyika kuwa mbili za mono: kwa mashine ya mpango wa Roland, tawi la pete huingia kwenye tundu la kuingizia la pedali, na tawi la ncha kwenye tundu la kutokea. Hapo mkono na miisho vinapata njia zake. Linalobaki ni mkunjo, yaani namna volti zinavyopanda mguu unaposogea. Potensiometa ya volyumu hutengenezwa kwa namna ambayo katikati ya safari hutoa takriban sehemu moja ya kumi tu, kwa sababu sikio letu husikia ukubwa wa sauti kwa namna hiyo. Ukiitumia kwa mwangwi, nusu ya kwanza ya mguu haifanyi kitu cha maana, kisha kila kitu kinarundikana vidoleni. Zamani nilisisitiza kwamba utepe ulio sawa ndio pekee unaofaa, lakini msimamo huo umenilegea. Kwa kichujio cha wa-wa nautaka mkunjo, kwa kina cha riva siutaki, na kwa mwangwi nabadilisha mawazo kila ninapojaribu.

Swichi za mguu nazipitia haraka: ya kubonyeza na kuachia haifanani na ya kubaki ilipobonyezwa, na ukiweka ya pili mahali pa ya kwanza utalazimika kubonyeza mara mbili kwa kila tendo. Kuhusu MIDI, lugha ya kidijitali ambayo ala na mashine huwasiliana kwayo na ambayo imekuwapo tangu 1983, ujumbe wa kidhibiti una thamani kuanzia 0 hadi 127, na hufika kwa karibu milisekunde moja, kwa hiyo ucheleweshaji si hoja. Ngazi 128 zinatosha kwa volyumu. Kwa kupandisha noti oktavu nzima kwa mguu hazitoshi, kwa kuwa kila ngazi inaruka zaidi ya senti 9 kati ya 1200 zinazounda oktavu, na mpiga benga mwenye sikio la nyuzi nyembamba atazisikia zikipanda kama vidato ikiwa mashine haizilainishi yenyewe.

Kijana wa Jumamosi nilimtengenezea kebo hiyo ya matawi mawili, kwa kuwa alikuwa ameshatumia fedha zake na ibada ilikuwa kesho yake. Alipokanyaga na kusikia mwangwi ukifuata mguu, aliniuliza, "Fundi, kumbe haikuwa imekufa?" Nilimweka kiwango cha juu cha marudio ya mwangwi katika asilimia 65, kwa sababu ukifungulia mguu hadi 100 mwangwi hujilisha wenyewe na kulifunika kusanyiko lote. Kisha nikamwambia afanye kalibresheni tena kesho akiwa amevaa viatu vya ibada, kisigino chini kabisa, halafu vidole chini kabisa, kwa nguvu ile ile atakayotumia akiwa amesimama na gitaa begani, maana pale karakanani alikuwa ameketi na alikuwa amevaa ndara.