Paka mgeni akijificha, mwache

Hapa Mombasa wengi tumelelewa na kauli hii: paka mgeni akiingia mvunguni, mtoe, mpakate, azoee watu. Si kweli, na inawatesa wanyama bure. Paka huijua nyumba kwa harufu kwanza. Akivushwa feri kutoka Likoni hadi Kibokoni, harufu yake yote imebaki ng'ambo. Kujificha ndiyo njia yake ya kujituliza. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi waliwapa paka wapya wa kituo cha kulea wanyama maboksi ya kujificha, nao wakatulia mapema kuliko waliokosa.

Basi mpe chumba kimoja, boksi lililolazwa ubavu, na kanga uliyoilalia mwenyewe. Mchanga wake wa kujisaidia uwe mbali na chakula. Keti sakafuni, usimkodolee macho. Yafumbe yako taratibu. Usiku utasikia kucha zikigusa sakafu, kisha atasugua shavu kwenye mguu wa kitanda. Ana tezi mashavuni, hapo anaacha harufu yake. Furahi, lakini usimshike bado. (Dagaa wa kuchemsha, bila chumvi, humvuta sana.) Akipitisha siku nzima bila kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana njaa ya siku kadhaa huweza kumharibu ini.