Vimeng'enya kwenye damu: kavuja nani?

Kuna kijana alikuja maabara na karatasi yake ya majibu, uso umemshuka, kaambiwa ini lina shida maana AST, moja ya vimeng'enya tunavyopima kwenye damu, iko juu. Nikamuuliza tu, wiki hii umefanya kazi gani? Akasema juzi tulikuwa tunamwaga zege, siku mbili mfululizo, mpaka leo mapaja hayakunjiki vizuri. Tukapima CK, kimeng'enya kingine, hiyo inatoka hasa kwenye misuli, ikakutwa imepanda kuliko hata hiyo AST yenyewe.

Hapo ndo penye ugumu wa hivi vipimo. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, na kazi yake ni ndani ya seli, seli ikiumia kinavuja na sisi tunakikuta kwenye damu, ila kikishafika huko hakina lebo ya kusema kimetoka wapi. AST ipo kwenye ini, kwenye moyo, kwenye misuli na hata kwenye chembe nyekundu za damu.

Na wengi hawajui kwamba AST haikuanzia kwenye ini, kilichoipa umaarufu ni moyo. Mwaka 1954 kule New York, watafiti LaDue, Wróblewski na Karmen walionyesha kwamba inapanda kwa watu waliopata shambulio la moyo. Sasa unaipimaje wakati kwenye damu iko kidogo sana? Huipimi wingi, unapima kazi yake. Fikiria mama ntilie anapikia nyuma ya pazia, wasaidizi wake huwaoni ila ndoo ya unga unaiona, unga ukiisha haraka unajua huko nyuma kuna mikono mingi. Unga wetu unaitwa NADH, kemikali tunayoiweka kwenye kipimo na inayotumika kadiri AST inavyofanya kazi, inanyonya mwanga wa nanomita 340, inavyozidi kutumika mwanga unapita zaidi, na ile kasi ndo majibu yako. Mashine nyingi mpaka leo zinafanya hivyo hivyo, kwa joto la nyuzi 37, maana joto likibadilika na kasi inabadilika.

Kwa moyo AST ilishapigwa chini zamani. Ikaja CK, ikaja CK-MB, aina ya CK inayohusiana zaidi na moyo, halafu miaka ya 90 troponini ikazizidi zote, na troponini wala siyo kimeng'enya, ni protini tu ya msuli, ila ile ya moyo ina umbo lake la peke yake. Yaani kaja mgeni kachukua kiti. AST ikabaki kwa ini, tena haitembei peke yake, inasomwa pamoja na ALT, kimeng'enya kingine ambacho kiko kwa wingi zaidi kwenye ini.

Kingine ni sampuli yenyewe. Seramu, yaani yale maji yanayobaki damu ikishaganda, ikiwa nzuri ina rangi ya njano kama mafuta ya alizeti, lakini damu ikitolewa kwa kuvutwa kwa nguvu au ikitikiswa sana njiani chembe zinapasuka, unapata kitu chekundu kama juisi ya rosela, na hapo AST inapanda bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo tukikupigia simu urudi kutolewa damu tena usinune, na usilinganishe namba yako na ya jirani aliyepimwa kwingine, angalia kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yako.

Yule kijana tulimwambia akae wiki mbili bila zege. Akarudi, AST imeshuka, CK imeshuka, na yeye anauliza kama kesho anaweza kwenda saiti.